Taa Zilizozimika Njiani Kwenda Kibondo

Miaka ile barabara ya Kasulu kwenda Kibondo ilipokuwa bado ya vumbi mwanzo hadi mwisho, palikuwa na mwalimu mstaafu mjini Kasulu aliyekuwa na Landrova 109. Kisa chake ni cha mfano, ndiyo maana mwalimu huyo hana jina. Lakini kila kilicholipata gari lake huyapata magari ya kweli, na fundi rewaya yeyote, yaani fundi umeme wa magari, wa nyanda za juu za Kigoma akikisoma atakitambua.

Landrova yenyewe ilikuwa ya toleo la tatu, lile lililotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Hiyo 109 ni idadi ya inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Magari ya namna hii ndiyo yaliyofika vijiji vya Uha wakati mengine yakishindwa: yalibeba mabwana shamba, mapadri, wauguzi wa chanjo, karatasi za mitihani na masanduku ya kura. Baadaye zikaja kambi za wakimbizi, Nyarugusu ikifunguliwa mwaka 1996, na pamoja nazo zikaja Land Cruiser nyeupe za mashirika. Landrova nyingi zikaishia kwenye minada. Mwalimu alinunua yake mnadani, ikiwa imechoka bodi lakini injini bado nzima, akaipaka rangi, akaifunga turubai jipya, akaanza biashara ya maharage. Alikuwa akitoka Kasulu alasiri, analala Kibondo, alfajiri anaingia vijijini kununua, jioni anarudi na mzigo.

Dalili ya kwanza ilikuwa ndogo. Taa kubwa ya kushoto ilianza kuwa ya njano wakati ya kulia ilikuwa nyeupe. Akiwasha indiketa ya kushoto, taa kubwa ya upande huo huo nayo ilififia na kurudi, ikifuata mapigo ya indiketa. Siku za mvua hali ilikuwa mbaya zaidi. Akishuka akaligonga madigadi kwa kiganja, taa ilipata nguvu, akipita mashimo mawili matatu inafifia tena. Nawaomba wasomaji wazishike dalili hizi, kwa sababu ugonjwa ulikwisha kujieleza wote siku ile ile ya kwanza.

Mwalimu alipitia kwanza kwa fundi mmoja mtu mzima, aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana ya magari ya kambini. Fundi hakugusa kitu. Alisimama mbele ya gari, akasema, "Mwalimu, hebu washa taa kubwa. Haya, sasa washa na indiketa ya kushoto." Akatazama kidogo. "Unaona taa inavyoyumba pamoja na indiketa? Balbu haina kosa hiyo. Umeme unafika, ila hauna njia nzuri ya kurudi. Niachie gari mpaka jioni nifuatilie ethi, njia yenyewe ya kurudi."

"Mpaka jioni, fundi? Kesho alfajiri natakiwa niwe Kibondo."

"Basi Mwalimu, usitembee usiku."

Mwalimu alishukuru, akaondoka, akaenda kijiweni karibu na stendi alikokuwa kijana mwenye mikono myepesi na wateja wengi. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba mwanangu, taa hii imenisumbua." Kijana akabadilisha balbu. Njano ikabaki. Akasema huenda balbu mpya ni feki, akaweka nyingine. Njano ikabaki. Akachukua testa yake, ile taa ndogo yenye waya na ncha ya sindano, akaipachika kwenye soketi ya balbu, ncha kwenye umeme na waya kwenye ethi. Testa ikawaka vizuri. Kijana akahitimisha kwamba njia zote mbili ni nzima, kwamba kinachotakiwa ni nguvu zaidi. "Mwalimu, waya hizi zimezeeka. Nikupigie dairekti, na nikuwekee balbu za wati mia. Utaona barabara mpaka Burundi."

Alichokifanya baada ya hapo ndicho kiini cha kisa. Alichukua waya mwembamba wa nyuzi mbili, ule wanaofungia spika za redio, akauunga moja kwa moja kwenye kichwa chanya cha betri. Akaupitisha kwenye tundu alilolitoboa yeye mwenyewe katika ukuta wa chuma unaotenga injini na miguu ya dereva. Ukingo wa tundu haukusuguliwa wala kuwekewa mpira. Chini ya dashibodi akafunga swichi ndogo ya kubofya, kisha waya ukarudi mbele kupitia tundu lile lile hadi kwenye taa zote mbili, umefungwa kwa tepu juu ya fungu la waya asilia za gari. Hakuweka fyuzi popote. Alipobofya swichi, mwanga ulipanda kweli. Ya kushoto ilikuwa bado ina unjano, lakini ilimulika zaidi kuliko jana. Mwalimu akalipa, akaridhika.

Hesabu ya jambo hili ni ya darasa la saba, na inasikitisha kwamba mwalimu hakuifanya. Balbu ya wati 60 kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea 5. Mbili huvuta 10. Balbu za wati 100 huvuta zaidi ya ampea 8 kila moja, yaani karibu 17 kwa zote mbili. Waya wa spika haukuumbwa kwa mzigo huo. Joto la waya nalo haliongezeki sawa kwa sawa na umeme. Umeme ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Waya ule ulikuwa ukipata moto tangu dakika ya kwanza, na plastiki yake ikilainika kila usiku, palepale kwenye ukingo wa chuma uliotobolewa.

Ilikuwa Novemba, mvua zimeanza. Siku moja gari lilichelewa kutoka Kasulu, giza likalikuta Makere. Aliyewahi kupita pale jioni anaujua msongamano wake: njia ya Nyarugusu, watu wakirudi kutoka shamba na kutoka kambini, baiskeli zimebebeshwa mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa hadi mwendeshaji haonekani, na hakuna baiskeli hata moja yenye taa. Miji yenyewe, Kasulu na Kibondo, kwa miaka mingi ilipata umeme wa jenereta za dizeli tu, na katikati yake hapakuwa na nguzo hata moja ya kumulika barabara. Mwanga wote wa dereva ni ule alionao mbele ya gari lake.

Baada ya kupita Mvugwe barabara ilikuwa imefanya mawimbi, gari likitetemeka kama mashine ya kusaga. Walikuwa wakiteremka kuelekea mto Malagarasi. Utingo ndiye aliyesikia harufu kwanza. "Mwalimu, kuna plastiki inaungua." Mwalimu akadhani ni breki. Mara moshi ukatoka chini ya dashibodi, taa kubwa zikazimika, na kufumba na kufumbua zikazimika za parkingi na za nyuma, na mshale wa dashibodi ukafa. Gari lilikuwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Kwa mwendo huo, gari hupita mita 16 na zaidi kila sekunde. Mwalimu alikanyaga breki akiwa haoni boneti ya gari lake mwenyewe. Mwendesha baiskeli aliyekuwa mbele alijitupa majanini aliposikia mngurumo usio na taa, akasalimika. Landrova ikaingia mtaroni kwa upande wa kushoto.

Mama mmoja wa Makere aliyekuwa nyuma juu ya magunia alivunjika mkono. Utingo aliung'oa waya uliokuwa mwekundu kwa kiganja kitupu, na kiganja kikaungua hadi kwenye nyama. Waliuzima moto kwa matope ya mtaroni, kwa kuwa mtungi wa kuzimia moto ulikuwa nyumbani Kasulu, umewekwa mahali pa salama usiibiwe. Miaka ile hakuna aliyependa kukwama njia hiyo usiku, kwa sababu ya ujambazi. Walikaa gizani wakinong'ona mpaka kukapambazuka, mama yule akiwa ameufunga mkono wake kwa kanga na vipande vya fito.

Gari lilivutwa hadi Kasulu, kwa fundi yule mtu mzima. Hakumsema mwalimu. Alichofanya ni kumtumia ujumbe kijana wa stendi aje atazame, na kijana akaja, jambo ambalo namsifu kwalo kwa dhati, maana wengi wangejificha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja na mita?"

"Sina mita mzee, natumia testa."

"Testa ndiyo iliyokudanganya. Kaa hapa."

Kwanza fundi alimwonyesha chanzo cha moto. Waya wa spika ulikuwa umekatwa plastiki yake pale kwenye ukingo wa tundu, shaba ikagusa ukuta wa chuma, ikapiga shoti. Kama fyuzi ingekuwepo karibu na betri, ingekatika papo hapo, na mwalimu angepoteza taa kubwa peke yake. Kwa kuwa haikuwepo, betri ilimimina umeme wote iliokuwa nao kupitia waya ule, waya ukawa mwekundu, ukaunguza fungu zima ulilofungiwa kwa tepu. Ndiyo maana zilikufa hata taa ambazo kijana hakuzigusa.

Kisha akamwonyesha ugonjwa wa mwanzo, ule ambao hakuna aliyeutibu. Alifunga balbu ya kawaida kwenye taa ya kushoto, akailetea umeme kwa waya mnene wenye fyuzi kutoka betri iliyochajiwa, akaiwasha. Njano ile ile. Akaweka mita kwenye volti. Kwenye vichwa vya betri, taa ikiwa inawaka, ilisoma 12.4. Kwenye miguu ya balbu ikasoma 10.8. Volti 1.6 zimepotelea njiani. Zimepotelea wapi? Akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye mguu wa balbu unaoleta umeme: 0.2. Akaweka ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye mguu wa balbu unaorudisha: 1.4. "Umeona? Ulikuwa unahangaika na upande ambao haukuwa na tatizo." Akachukua kipande cha waya, akaunga mguu ule wa kurudisha moja kwa moja na kichwa hasi cha betri. Taa ikageuka nyeupe palepale, mchana kweupe ikaumiza macho. Kijana hakusema neno.

Testa ilimdanganya kwa sababu taa yake ni ndogo mno. Inavuta umeme kidogo, na umeme kidogo hupita hata kwenye kiungo kilicholiwa na kutu bila kupungua sana. Kiungo hicho hicho ukikidai ampea 5 au 8, kinashindwa. Ndiyo sababu njia ya umeme hupimwa taa ikiwa inawaka, ikiwa imebebeshwa mzigo wake halisi, na hupimwa pande mbili, kwenda na kurudi. Upande wowote ukipoteza zaidi ya nusu volti, hapo ndipo pa kutafuta. Na usidhani volti moja na nusu ni kitu kidogo. Balbu ya waya wa moto ikipungukiwa sehemu moja ya kumi ya volti zake hupoteza karibu theluthi ya mwanga. Ukiongeza balbu kubwa juu ya ethi mbovu, umeme mwingi zaidi unalazimika kupita kwenye kutu ile ile, na volti zinazopotea zinaongezeka. Hata boliti inayoifunga ethi kwenye bodi inaanza kupata moto.

Boliti hiyo fundi aliifungua. Ilikuwa ndani ya madigadi ya kushoto, imefunikwa na tope jekundu lililokauka. Chini ya tope kulikuwa na rangi mpya, ile aliyoipaka mwalimu baada ya mnada, imezunguka hadi chini ya kichwa cha waya mweusi. Chini ya rangi kulikuwa na unga mweupe. Unga huo ni aluminiamu iliyoliwa. Bodi ya Landrova ni ya aluminiamu, lakini chasisi yake na ukuta wa mbele ni chuma, na boliti ni za chuma. Metali mbili za namna hiyo zikigusana mahali penye unyevu, aluminiamu huliwa taratibu na kuacha unga usiopitisha umeme. Nyanda za Kasulu na Kibondo zina msimu mrefu wa mvua na vumbi linaloshika maji kama sifongo, kwa hiyo ugonjwa huu huko ni wa kudumu. Taa kubwa, taa ya parkingi na indiketa za upande mmoja zilikuwa zinarudisha umeme kupitia boliti hiyo moja. Indiketa ilipowaka ilidai njia ile ile finyu, taa kubwa ikafifia. Fundi aliliona hilo kwa macho tu siku ya kwanza.

Tiba ilikuwa msasa hadi aluminiamu ikang'aa, kichwa kipya cha waya, boliti mpya, grisi juu yake ili maji yasiingie, kisha waya mpya mweusi kutoka taa hadi kwenye chasisi, ili umeme usitegemee tena viungo vya bodi. Saa moja ya kazi. Kulifuma upya fungu la waya lililoungua kulichukua wiki nzima, na gharama yake ilimeza faida ya msimu mzima wa maharage.

Nyuma ya gari mambo ni yale yale. Balbu ya nyuma ina nyuzi mbili, ya wati 5 kwa parkingi na ya wati 21 kwa breki. Ukikanyaga breki na taa ya nyuma ikafifia badala ya kung'aa, au indiketa ikawaka wakati hukuigusa, umeme umekosa mlango wa kurudi na unapitia uzi wa taa jirani. Usinunue balbu. Tafuta ethi. Na kama gari zima linaonyesha ulegevu, starta nayo inazunguka kwa uchovu, angalia kwanza vichwa vya betri na mkanda wa ethi unaotoka injini kwenda chasisi kabla ya kulaumu betri.

Landrova za zamani zina jambo jingine ambalo wengi hawalifahamu. Kwenye nyingi kati yake, kisanduku cha fyuzi kina fyuzi mbili tu za kioo, na taa kubwa hazipiti kwenye fyuzi hata moja. Waliozitengeneza waliona afadhali taa zisizimike ghafla usiku, na walitegemea waya imara uliopitishwa vizuri. Baada ya miaka 40 ya mtetemo huwezi tena kutegemea hilo. Fyuzi zenyewe nazo zina mtego: za kioo za Kiingereza zilizoandikwa 35 hukatika kwenye ampea 35, lakini mzigo wao wa kudumu ni karibu 17 tu. Ukinunua ya kisasa iliyoandikwa 35 ukaiweka hapo, umeweka ulinzi mlegevu maradufu, waya utaungua fyuzi ikitazama. Kuhusu karatasi ya sigara na kipande cha waya kinachofungwa mahali pa fyuzi, nasema bila kumung'unya maneno: fundi anayefanya hivyo anaweka moto ndani ya gari la mtu.

Kufuatilia waya si kazi ya kubahatisha, kwa kuwa umeme wa magari haya, uliotengenezwa na kampuni ya Lucas ya Birmingham, una rangi zake. Kahawia ni umeme wa betri usiokatwa na ufunguo. Buluu ni taa kubwa, buluu yenye mstari mweupe ikiwa fulu, yenye mstari mwekundu ikiwa dimu. Nyekundu ni parkingi na taa za nyuma. Kijani ni umeme uliopita kwenye fyuzi baada ya ufunguo, ya mstari mwekundu ikienda indiketa ya kushoto, ya mstari mweupe ya kulia, ya mstari wa zambarau taa za breki. Nyeusi ni ethi. Jua na mafuta huzifanya zote zifanane na udongo, lakini ukifungua tepu kidogo, ndani rangi bado ipo. Kijana wa stendi alikuwa akifunga waya wowote aliokuwa nao, na fundi anayemfuata baada ya miaka mitano hana pa kuanzia.

Mwenye kutaka mwanga zaidi kwa njia halali anayo njia. Ni rilei. Swichi ya gari pamoja na waya zake nyembamba hubaki na kazi ndogo ya kuiamsha rilei kupitia miguu namba 85 na 86. Umeme mzito hutoka betri kupitia fyuzi, unaingia mguu namba 30 na kutoka 87 kwenda kwenye taa, kwa waya mfupi mnene wa milimita mbili na nusu za mraba. Rilei moja kwa fulu, nyingine kwa dimu. Wengi wakifanya hivyo na kusafisha ethi hugundua kwamba balbu za wati 60 ziliwatosha tangu zamani, zilikuwa tu hazijawahi kupata volti zao. Kabla ya kuongeza taa nyingine, jua pia gari linazalisha nini. Landrova za toleo la pili zilikuja na dainamo iliyoweza kutoa ampea 22. Za toleo la tatu zilikuja na altaneta ya ampea 34. Balbu mbili za wati 100 na spoti mbili za wati 55 hudai karibu 26. Kwenye dainamo, hayo ni maombi ya kukwama njiani betri ikiwa imekufa. Tena, Landrova nyingi za kabla ya 1967 zina ethi ya upande chanya, kinyume na magari ya leo. Asiyeangalia hilo akaja na waya za kuamshia betri anaunguza vitu.

Lipo pia suala la vioo vya taa. Kigoma imepakana na Burundi na Kongo, ambako magari hupita kulia, na spea huvuka mpaka. Taa ya gari la kupita kushoto hutupa mwanga wa dimu juu kidogo upande wa kushoto, ili kumulika ukingo wa barabara wanakopita watu. Taa ya kupita kulia hutupa mwanga huo kulia, ambako kwetu ndiko machoni mwa dereva anayekuja. Mulika ukutani jioni ukiwa umesimama mahali tambarare. Ukiona mwanga unapanda kulia, hicho kioo rudisha ulikokinunua, hata kama kinang'aa namna gani.

Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, ambayo njia hii ya Kibondo ni sehemu yake, ilianza kupata lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na nafurahi kwa hilo. Lakini lami huongeza mwendo, na baiskeli zenye mikungu ya ndizi bado ziko pale pale, bila taa.

Nanyi vijana wa rewaya, wa stendi ya Kasulu na ya Kibondo, nawaomba kwanza mnunue mita, ile ya bei ya chini kabisa inatosha, na mjifunze kuipima taa ikiwa inawaka. Mteja akiwaharakisha, mwambieni alale. Mwenye gari, usikubali waya wowote uliounganishwa na betri yako bila fyuzi ndani ya shubiri moja kutoka kwenye kichwa cha betri, wala waya unaopita kwenye bati bila mpira. Toa mtungi wa kuzimia moto nyumbani, ufunge karibu na kiti cha dereva. Mama yule wa Makere mkono wake uliunga, lakini msimu ule hakulima.